Jiwe, Moto na Jembe: Habari za Madini ya Chuma

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Kabla hatujaanza, namwomba kiongozi wa kila kikundi aweke mbele ya wenzake vitu vitatu: jembe, msumari wenye kutu, na kipande cha sumaku, kama kile kilichomo ndani ya spika ya redio iliyoharibika. Nanyi mtakaolisoma somo hili baadaye katika kitabu, fanyeni vivyo hivyo. Vitu hivyo tutavitumia.

Leo nitawaeleza habari za madini ya chuma: ni kitu gani, huchimbwaje, huyeyushwaje, na yana kazi gani katika viwanda. Lakini liko swali moja kubwa ambalo nataka tulifuate tangu mwanzo hata mwisho, nalo ni hili: Yawezekanaje nchi iwe na mlima mzima wa chuma, na bado inunue chuma ng'ambo? Natumaini kwamba mwisho wa somo kila mmoja wenu ataweza kulijibu mwenyewe, na kumweleza jirani yake.

MADINI YA CHUMA NI KITU GANI?

Ushikeni ule msumari wenye kutu. Usugueni kwa kidole. Ule unga mwekundu unaobaki kidoleni ulikuwa chuma, nao sasa si chuma tena. Kumetokea nini? Chuma kimeungana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoivuta ili tuishi. Chuma na oksijeni hupendana sana. Ukiuacha msumari nje wakati wa masika, hauchukui siku nyingi kabla ya kuanza kuliwa.

Basi, chuma kilichomo ardhini kimekaa pamoja na oksijeni kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana hatukioni kikiwa safi kama kisu au shoka. Twakiona kikiwa kimefungwa ndani ya jiwe, mfano wa kutu ya kale iliyokuwa ngumu. Jiwe hilo ndilo tunaloliita madini ya chuma. Na kazi yote ya kuyeyusha chuma, kwa maneno machache, ni kukivunja kifungo hicho: kumwondoa oksijeni, ili chuma kibaki peke yake.

Chuma si kitu cha haba. Katika kila kilo 100 za mawe na udongo wa tabaka la juu la dunia, yapata kilo 5 ni chuma. Wekundu wa udongo wa mashamba yetu mengi ni wekundu wa chuma. Je, kila shamba lenye udongo mwekundu ni mgodi? La, hasha. Mtu akitaka kuyeyusha udongo huo atateketeza kuni na makaa mengi, naye atapata chuma kidogo mno. Madini yanayofaa ni yale ambayo chuma kimekusanyika pamoja, mara nyingi nusu ya uzito wa jiwe au zaidi.

Yako madini ya namna mbili yanayochimbwa zaidi kuliko mengine. Ya kwanza huitwa hematiti. Ikiwa safi kabisa, kilo 100 za hematiti zina kilo 70 za chuma. Ukiisugua juu ya kigae cheupe kisichong'arishwa, huacha mstari wenye rangi ya damu ya mzee. Ya pili huitwa magnetiti. Hii ni nyeusi, na ikiwa safi, kilo 100 zina kilo 72 za chuma. Magnetiti huvutwa na sumaku. Nendeni na sumaku yenu mtoni, mahali penye mchanga mweusi, muipitishe juu ya mchanga uliokauka. Zile chembe nyeusi zitakazoing'ang'ania, nyingi ni magnetiti.

WAHENGA WETU NA MATANURU YAO

Asidhani mtu kwamba kuyeyusha chuma ni elimu iliyoletwa kwetu kwa meli. Huko Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wahunzi walijenga matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu. Matanuru hayo hayakuhitaji mivukuto. Yalikuwa na matundu chini, hewa ikaingia yenyewe na kupanda juu kama inavyopanda katika dohani. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, kisha mhunzi akakifua juu ya fuawe mpaka kikawa jembe, shoka au mkuki. Vivyo hivyo Wapangwa, katika milima ya Ludewa, walikuwa wayeyushaji na wafuaji wa chuma. Majembe yalisafirishwa na kuuzwa mbali, na katika sehemu nyingi yaliweza kutolewa hata katika mahari.

Wazee hao hawakuandika vitabu vya kemia, lakini walijua jambo kubwa. Walijua kwamba mkaa una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutoa joto. Ya pili ni kumnyang'anya chuma oksijeni yake. Mkaa ni kaboni, na kaboni ikiwa katika moto mkali humpenda oksijeni kuliko chuma kinavyompenda. Huungana naye, wakatoka wote wawili kuwa hewa juu ya tanuru. Chuma hubaki. Uchafu wa jiwe nao huyeyuka na kuganda mbali, ukawa kile tunachokiita mavi ya chuma. Mpaka leo mavi hayo huonekana yametapakaa mahali palipokuwa na matanuru ya zamani.

Kwa nini kazi hiyo ilikoma? Wakati wa ukoloni yaliingia majembe ya viwanda vya Ulaya, mengi na ya bei rahisi. Mhunzi aliyekata miti, akachoma mkaa na kujenga tanuru kwa siku nyingi hakuweza kushindana na jembe lililotoka kiwandani kwa maelfu. Basi matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Mlima ulibaki pale pale, na mawe yalibaki yale yale. Kilichopotea ni kazi na ujuzi. Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

JINSI MADINI YANAVYOCHIMBWA SIKU HIZI

Madini mengi ya chuma huchimbwa waziwazi, juu ya ardhi. Udongo wa juu huondolewa, mwamba hutobolewa matundu, baruti hutiwa, na mwamba hupasuliwa. Mashine kubwa huyazoa mawe na kuyapakia katika magari ambayo moja tu huweza kubeba zaidi ya tani 200. Shimo huchimbwa kwa ngazi, mfano wa matuta ya shamba la mlimani, ili kingo zisiporomoke.

Kisha mawe hupelekwa kwenye mashine ya kuyavunja. Yakiwa na chuma kingi, huweza kusafirishwa yalivyo. Yakiwa na chuma kichache, husagwa mpaka yawe unga, na chuma hutengwa na uchafu. Kwa magnetiti kazi hiyo hufanywa na sumaku kubwa, kwa njia ile ile mliyoijaribu mtoni. Unga uliosafishwa huviringishwa uwe vidonge na kuchomwa, maana unga mtupu ungeizuia hewa isipite ndani ya tanuru. Uchafu uliobaki, uliochanganyika na maji, huwa tope. Tope hilo hulimbikizwa nyuma ya boma kubwa kama bwawa. Habari zake tutazitaja tena baadaye.

NDANI YA TANURU KUBWA

Tanuru kubwa la kiwanda ni mnara wa chuma uliojengwa ndani kwa matofali yasiyoshindwa na moto. Juu hutiwa vitu vitatu. Cha kwanza ni madini. Cha pili ni makaa ya mawe yaliyookwa kwanza yakawa magumu, yaitwayo koki. Cha tatu ni mawe ya chokaa, ambayo kazi yake ni kuungana na uchafu ili utoke ukiwa majimaji. Chini hupulizwa hewa yenye moto mkali. Chuma kilichoyeyuka, chenye joto la yapata nyuzi 1,500 za Sentigredi, hukusanyika chini kabisa. Mavi ya chuma huelea juu yake, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kila kimoja hutolewa kwa njia yake.

Chuma hicho bado si cha kufanyia kazi nyingi. Kimenyonya kaboni ya makaa, yapata kilo 4 katika kila kilo 100, nacho huvunjika upesi kikigongwa. Hupelekwa katika chombo kingine, kikapulizwa oksijeni, nayo huiunguza kaboni iliyozidi. Kinachobaki ni chuma cha pua, ambacho mara nyingi kaboni yake haifiki kilo 1 katika kilo 100. Njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ilitangazwa na Mwingereza Henry Bessemer mwaka 1856. Tangu hapo chuma cha pua, ambacho zamani kilikuwa cha panga na visu vya thamani, kikawa rahisi kiasi cha kutengenezea reli na madaraja.

Sasa shikeni hesabu. Ili kupata tani moja ya chuma cha pua kwa njia hii, hutumika yapata tani moja na nusu ya madini, robo tatu ya tani ya makaa ya mawe, na robo ya tani ya mawe ya chokaa. Mwaona basi kwamba madini ni sehemu tu ya chakula cha tanuru. Mwenye mahindi bila kuni na maji hajapata ugali.

KAZI YA CHUMA KATIKA VIWANDA

Katika madini yote ya chuma yanayochimbwa duniani, karibu yote hufanywa kuwa chuma cha pua. Mwaka 2023 dunia ilitengeneza karibu tani milioni 1,900 za chuma cha pua. Hutumika wapi? Nondo za nyumba na madaraja, mabati, mabomba ya maji, reli, magari, meli, na mashine za kila namna.

Lakini liko jambo kubwa kuliko orodha hiyo. Chuma ndicho kitu kinachotengeneza vitengenezaji. Kiwanda cha nguo kina mashine za chuma. Kiwanda cha sukari kina mitambo ya chuma ya kukamulia miwa. Hata saruji husagwa kwa mipira ya chuma. Kwa hiyo bei ya chuma ikipanda, bei ya nyumba, ya baiskeli na ya jembe hupanda pia. Na kiwanda cha chuma kikiwapo, huzaa viwanda vingine kando yake: wa misumari, wa nyaya, wa vyombo vya kilimo, na karakana za vijana mafundi.

Viko viwanda katika Afrika Mashariki vinavyofanya nondo kwa kuyeyusha vyuma vikuukuu katika tanuru la umeme, au kwa kunyoosha vipande vya chuma vilivyoagizwa kutoka nje. Kazi hiyo ni njema. Lakini vyuma vikuukuu havitoshi katika nchi ambayo bado inajenga, kwa sababu chuma chake kingi bado kimo katika kazi, hakijazeeka.

JIWE PEKE YAKE HALITOSHI

Sasa turudie swali letu. Tutazame nchi mbili.

Nchi ya kwanza ni Liberia, huko Afrika Magharibi. Mwaka 1951 ilianza kusafirisha madini ya chuma kutoka Bomi Hills. Mwaka 1963 mgodi mkubwa zaidi wa mlima Nimba ulianza kupakia madini katika bandari ya Buchanan, kwa reli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Katika miaka hiyo Liberia ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa madini ya chuma katika Afrika. Reli ilitoka mgodini ikaenda baharini, na mawe yakaenda kuyeyushwa ng'ambo. Mgodi wa Bomi Hills ulifungwa mwaka 1977. Shimo lake likajaa maji, likawa ziwa. Liberia iliuza mlima, lakini haikuwa nchi ya viwanda vya chuma.

Nchi ya pili ni Japani. Madini yake ya chuma ni machache mno. Huyanunua Australia na Brazili, na makaa ya mawe pia huyanunua. Lakini mwaka 2023 Japani ilitengeneza zaidi ya tani milioni 80 za chuma cha pua. Ilijenga matanuru kando ya bahari ili meli kubwa zishushe mizigo mlangoni, na ikasomesha mafundi kwa vizazi.

Je, twajifunza nini? Yatakiwa mambo matano: madini, makaa au nguvu nyingine ya moto, njia ya kusafirishia, ujuzi, na soko la kununua. Mwenye jiwe pekee ana moja katika matano. Huuza jiwe kwa bei ya jiwe, kisha hununua jembe kwa bei ya jembe.

MLIMA WA LIGANGA

Tuje nyumbani. Katika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, katika nchi ile ile ya Wapangwa niliyowatajia, uko mlima wa Liganga. Tangu wakati wa ukoloni ilijulikana kwamba una madini ya chuma. Serikali ya Tanzania imekadiria tani milioni 126. Katika wilaya hiyo hiyo, mahali paitwapo Mchuchuma, pana makaa ya mawe yaliyokadiriwa kuwa tani milioni 428. Chuma na makaa katika wilaya moja! Mtu angesema hakuna kinachokosekana.

Lakini madini ya Liganga yana wenzake ndani. Ni magnetiti iliyochanganyika na titani na vanadi. Vitu hivi vina thamani: vanadi hukiongezea chuma cha pua nguvu, na titani hutiwa katika rangi nyeupe za nyumba. Taabu iko ndani ya tanuru. Titani ikikutana na kaboni katika joto kali hufanya vitu vigumu visivyoyeyuka, na mavi ya chuma huwa mazito, kama uji ulioachwa motoni ukawa ugali. Hayatiririki. Tanuru huweza kuziba.

Si kwamba haiwezekani. Katika mji wa Panzhihua, jimbo la Sichuan nchini China, wataalamu walifanya majaribio mengi juu ya madini ya namna hii, na tanuru lao likaanza kutoa chuma mwaka 1970. Nao watu wa New Zealand, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wameyeyusha mchanga wa pwani wenye titani kwa njia nyingine: kwanza huuchoma pamoja na makaa katika tanuru lizungukalo, kisha huumalizia katika tanuru la umeme. Lakini njia hizo zahitaji fedha nyingi, umeme mwingi, na mafundi wanaoyajua madini yao kama mkulima anavyolijua shamba lake.

Mwezi Septemba mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, ili kujenga mgodi wa makaa, mtambo wa umeme wa megawati 600, na kiwanda cha chuma. Ikapita zaidi ya miaka 10 bila tanuru kuwashwa. Palikuwa na mazungumzo marefu juu ya masharti na misamaha ya kodi. Tena Liganga iko mbali na bahari, katika milima. Mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma, umezungumzwa kwa miaka mingi, maana bila reli chuma kitaliwa na gharama ya njiani.

Basi jibu la swali letu ni hili: mlima wa chuma ni mwanzo wa kazi tu. Utajiri huja pale ambapo vile vitu vitano vimekutana. Na katika hivyo vitano, ujuzi ndio usioweza kununuliwa kwa siku moja. Kijana wa Ludewa anayejifunza leo hesabu, kemia au uchomeleaji anajenga sehemu ya tanuru hilo.

WANAOKAA KARIBU NA MGODI

Kabla sijaagana nanyi, yafaa niseme neno juu ya majirani wa mgodi. Huko Kiruna, kaskazini mwa Sweden, madini huchimbwa chini kabisa ya ardhi, na kwa kadiri yanavyotolewa, ardhi ya juu hudidimia. Imewapasa watu kuuhamisha mji. Mwezi Agosti mwaka 2025 kanisa lao la mbao lililojengwa mwaka 1912 lilibebwa zima, likapelekwa yapata kilomita 5. Na huko Brumadinho, nchini Brazili, tarehe 25 Januari mwaka 2019, boma la tope la mgodi wa chuma lilipasuka. Watu 270 wakafa, wengi wao wafanyakazi waliokuwa pale pale mgodini.

Siwaambii haya ili muuogope mgodi. Nawaambia ili mjue maswali ya kuuliza mapema, kabla baruti haijalia: Mipaka ya mgodi ni ipi? Fidia italipwa lini, na kwa hesabu gani? Tope litawekwa wapi, na ni nani aishiye chini ya boma lake? Maji ya mto yatapimwa na nani? Mtu anayeuliza maswali hayo si adui wa maendeleo. Ndiye anayeyalinda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini chuma hakionekani kikiwa safi ardhini? Tumieni msumari kumwonyesha mwenzenu.
2. Mkaa una kazi gani mbili ndani ya tanuru?
3. Tajeni mambo matano yanayohitajika ili jiwe liwe jembe. Ni yapi yaliyopo katika sehemu yenu, na ni yapi yanayokosekana?
4. Titani huleta taabu gani katika kuyeyusha madini ya Liganga?
5. Kama mgodi ungefunguliwa karibu na kijiji chenu mwakani, mngependa kuuliza maswali gani katika mkutano wa kijiji? Mmoja wenu ayaandike.

Katika somo lijalo tutazungumza habari za makaa ya mawe. Mpaka hapo, ndugu wasikilizaji, nawatakia mazungumzo mema. Kwaherini.